Maji kabla ya puja ya nyumbani: mwongozo kwa anayeanza

Kila Navaratri, sikukuu yetu Wahindu ya siku tisa, ikikaribia, simu yangu haipumziki. Leo ni mpwa wangu aliyehamia nyumba yake Mbezi na anataka kuweka madhabahu ndogo sebuleni. Kesho ni mke wa binamu yangu, Mchaga, aliyeolewa kwetu mwaka jana na anaona haya kumuuliza mama mkwe jambo lilelile mara ya tatu. Maswali hayabadiliki. Nichukue maji kiasi gani mkononi? Nayanywa au nayatema? Yaliyobaki nayamwaga wapi? Maji ya Ganga, mto wetu mtakatifu, yamekwisha, je, puja, yaani ibada, itakubalika?

Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, kwa Kiswahili. Ndiyo lugha ambayo Wahindu wa huku tunaitumia kutwa, dukani na jikoni, lakini tukikaa mbele ya murti, sanamu tunayoiabudia, wengi wetu tunafuatisha vitendo vya wazee bila kujua vinakwenda wapi. Nataka ukikaa pale ujue mkono wako unafanya nini.

Ninachoeleza ni desturi ya nyumba ya Kigujarati, kama nilivyofundishwa na bibi yangu, ambaye sote tulimwita Ba. Nyumba za Kitamil au Kitelugu zina majina tofauti katika baadhi ya hatua, na nitataja pale penye tofauti kubwa. Wafuasi wa Arya Samaj, vuguvugu la mageuzi la Kihindu, hawaweki murti kabisa, ila nao huanza havan yao, ibada ya moto, kwa kunywa maji mara tatu, kwa maneno mengine. Ukikuta jambo la nyumbani kwenu linapishana na langu, fuata la nyumbani kwenu.

Kanuni moja kabla ya yote

Maji ya puja ni ya aina tatu, na hayachanganywi. Kuna maji unayokunywa wewe ili ujitakase. Kuna maji unayompa Bhagwan, yaani Mungu. Kuna maji yaliyokwisha kutumika. Kila moja lina chombo chake. Ukiishika kanuni hii, hata ukisahau nusu ya mantra, maneno ya sala, hutakuwa umeharibu kitu. Ukiivunja, ukachota kwa kijiko kilichogusa mdomo wako kisha ukamnyunyizia murti, basi umempa mgeni wa heshima maji ya kombo. Sisi tunaita ethu, wenzetu wasemao lugha ya Kihindi huita jutha. Fikiria mgeni amefika kwako, umemletea birika na beseni anawe mikono, halafu unamnawisha kwa maji yaliyomo ndani ya beseni. Nani angefanya hivyo?

Andaa hivi kabla ya kukaa

- Kalasha au lota (mtungi mdogo) moja ya shaba nyekundu, pamoja na kijiko chake na bakuli la pembeni. Haya ni maji ya Bhagwan.
- Panchapatra, yaani kikombe kipana cha shaba, na kijiko chake kidogo kiitwacho achamani. Haya ni maji yako.
- Tarbhanu, sahani ya shaba yenye ukingo ulioinuka. Hapa huingia maji yaliyotumika. Usipokuwa nayo, bakuli lolote la chuma kisichoshika kutu linatosha.
- Asana, yaani mkeka au kitambaa cha kukalia ambacho hakitumiki kwa kazi nyingine.
- Kitambaa kikavu cha kufutia mikono. Wanaoanza hukisahau kila mara, kisha wanajifuta kwenye nguo.
- Akshata: mchele mzima usiovunjika, kiasi cha kijiko, uliopakwa kanku kidogo, ule unga mwekundu wa kupaka alama.
- Sandali na maua machache.
- Jani la tulsi au ua moja la kunyunyizia.
- Maji ya Ganga, kama unayo. Kama huna, endelea kusoma bila wasiwasi.

Kuhusu tulsi: ni jamaa ya mrihani na kivumbasi, lakini si mmoja wao, kwa hiyo usichume kivumbasi cha jirani ukidhani umepata. Majani yake ni ya Vishnu na Krishna. Ganesha hupewa nyasi za durva, na Shiva hupewa majani ya bilva. Chuma tulsi asubuhi, usiguse mti wake baada ya jua kuzama.

Shaba ndiyo inayopendwa, na fedha ikiwepo ni sawa. Vyombo vya chuma kisichoshika kutu vinakubalika kwa anayeanza. Plastiki niiache. Sikatazi kwa ukali, ila chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, niliyoiona mahali pamoja ikifanya kazi ya kalasha, haimpi mtu moyo wa kuinamisha kichwa.

Maji yenyewe

Hapa nataka utulie kidogo, maana ndipo watu wanapoharakisha.

Maji ya achamana, yaani ya kujitakasa kwa kunywa, unayanywa, na maji yaliyoosha murti watu wa nyumbani watayapokea kiganjani na kuyanywa kama charanamrita, watoto na wazee pamoja. Kwa hiyo swali la kwanza ni la jikoni kabla ya kuwa la dini: je, maji haya ungempa mtoto wa miaka miwili? Maji ya bomba ya mjini yachemshe usiku, yaache yapoe kwenye chombo kilichofunikwa, asubuhi yawe tayari. Maji ya kisima cha Dar mara nyingi yana chumvi. Hayo oshea vyombo, lakini usiyaweke kwenye panchapatra.

Vitabu vya kale vya sheria za Kihindu vinasema maji ya achamana yasiwe ya moto wala yasiwe na povu. Ukifungua bomba kwa nguvu maji huja meupe, yamejaa viputo. Yaache yatulie mpaka uone sakafu ya chombo. Ba alikuwa anaangalia hivyo hivyo: anainamisha panchapatra dirishani, na kama haoni ile nakshi ya ua iliyochongwa ndani, anangoja.

Maji ya Ganga ni tone tu. Familia nyingi zina kichungu cha shaba kilichozibwa mdomo, kilicholetwa kutoka Haridwar au Kashi na mtu aliyekwenda kuhiji. Siku hizi ni rahisi zaidi kuyapata. Tangu 2016 Posta ya India inayauza kwa chupa, yakiwa yamechotwa Rishikesh na Gangotri. Tia tone moja kwenye maji ya kuogea na, ukiwa na kalasha ya pili ya kunyunyizia tu, tone moja humo. Ushauri wangu, na najua shangazi zangu wengine hawataupenda: usiyatie kwenye maji ya kunywa, wala kwenye kalasha ambayo maji yake yatamwogesha murti kwa ajili ya charanamrita. Mto huo unapita miji mikubwa na viwanda vya ngozi vya Kanpur, na chupa yako huenda imekaa kabatini miaka kumi. Kuuheshimu Ganga hakukulazimishi kumpa mtoto maji usiyoyajua.

Na kama huna hata tone, mantra ya hatua ya 8 imewekwa kwa ajili yako.

Hatua kwa hatua

1. Sugua vyombo. Kata ndimu, chovya kwenye chumvi, sugua shaba ndani na nje. Ukwaju ulioloweka unafanya kazi vizuri zaidi kwenye madoa ya zamani. Suuza mara mbili, kausha kabisa kwa kitambaa. Ukiacha tone, kesho utakuta duara jeusi.

2. Oga. Oga mwili mzima, vaa nguo zilizofuliwa. Nguo uliyolalia haifai, wala ile uliyopikia. Wakati wa kujimwagia maji unaweza kusema mantra ya mito iliyopo hatua ya 8. Wazee wengi huisemea bafuni kwanza. Ukishaoga, usiingie tena jikoni kuonja mchuzi.

3. Jaza vyombo. Kalasha kwanza, kisha panchapatra. Usijaze hadi mdomoni. Acha upana wa vidole viwili. Panga hivi: kalasha kushoto kwako karibu na murti, panchapatra kulia karibu na goti lako, tarbhanu katikati mbele yako. Ukivipanga mbalimbali namna hii mkono hautakosea.

4. Kaa. Tandika asana, elekea mashariki au kaskazini. Magoti yakiuma, kaa kwenye kiti kifupi. Usifanye achamana ukiwa umesimama.

5. Achamana. Ndiyo hatua inayoulizwa kuliko zote, kwa hiyo fuata polepole.

   Shika kijiko cha achamani kwa mkono wa kushoto. Kiganja cha kulia kikunje kidogo kiwe na shimo katikati: vidole vitatu vya kati vimeshikana, dole gumba na kidole cha mwisho vimeachana navyo kidogo. Umbo hilo huitwa gokarna, sikio la ng'ombe, na ukilitazama kutoka juu utaona jina limefaa.

   Mimina maji kidogo shimoni. Kiasi gani? Ba alinionyesha nikiwa na miaka saba. Alichukua punje moja ya adad, ile choroko nyeusi, akaiweka katikati ya kiganja changu. Akamimina tone, punje ikabaki juu. Akaongeza tone, ikabaki mgongo wake tu nje. Tone la tatu likaifunika. "Basi," akasema, na akaiondoa punje. Kipimo hicho ni cha zamani sana, kimo kwenye vitabu, lakini mimi nakijua kwa ule ubaridi wa shimo la kiganja. Jaribu nyumbani na punje halisi mara moja. Hutauliza tena.

   Kunywa kutoka upande wa chini wa dole gumba, pale kiganja kinapokutana na kifundo. Sehemu hiyo inaitwa tirtha ya Brahma. Usinyonye kwa sauti. Kunywa mara tatu, kila mara ukisema kwanza:

   Om Keshavaya namaha.
   Om Narayanaya namaha.
   Om Madhavaya namaha.

   Yote ni majina ya Vishnu. Mara ya nne mimina maji juu ya kiganja, yaache yatiririke kwenye tarbhanu, ukisema *Om Govindaya namaha*. Huko ndiko kunawa. Futa midomo na mikono. Nyumba nyingi za India ya Kusini hunywa kwa majina ya Achyuta, Ananta na Govinda. Ukioa au kuolewa huko, badilisha bila kubishana.

   Angalia: kijiko hakigusi mdomo hata kidogo. Kikigusa, kioshe kwa maji mengine kabla hakijarudi kwenye panchapatra.

6. Jinyunyizie. Mimina maji kiasi kwenye kiganja cha kushoto, chovya vidole vya kulia au ua, jinyunyizie kichwani na kifuani ukisema:

   *Om apavitrah pavitro va sarvavastham gato'pi va,
   yah smaret pundarikaksham sa bahyabhyantarah shuchih.*

   Maana yake: awe najisi au safi, awe amefikwa na hali yoyote ile, amkumbukaye Mwenye macho kama yungiyungi huwa safi nje na ndani. Mantra moja tu ukitaka kuishika kwa moyo mwaka huu, iwe hii. Isome maana yake kila unapojiona hufai kukaa mbele ya murti.

7. Asana na nia. Nyunyiza tone chini, karibu na asana, uiombe Dunia ikubebe kama inavyoubeba ulimwengu. Mwenye kuijua mantra ya *Prithvi tvaya dhrita loka* aiseme. Asiyeijua aombe kwa lugha yake. Kisha vuta pumzi tatu ndefu. Weka kiganjani maji na punje chache za akshata, useme sankalpa yako: jina lako, mahali ulipo, siku ya leo, na unachokusudia kufanya. Vitabu vilivyochapishwa India hutaja Bharatavarsha, yaani nchi ya India. Watu huniuliza waseme hivyo wakiwa Mwanza au Arusha. Mimi hutaja pale nilipokaa: Dar es Salaam, ufukwe wa Bahari ya Hindi. Ukimaliza, mimina maji yale kwenye tarbhanu.

8. Ita mito kwenye kalasha. Paka kalasha alama ya sandali au kanku, weka ua na punje za akshata juu ya maji. Funika mdomo wake kwa kiganja cha kulia, bila kugusa maji, na useme:

   *Gange cha Yamune chaiva Godavari Saraswati,
   Narmade Sindhu Kaveri jale'smin sannidhim kuru.*

   Ewe Ganga, nawe Yamuna, Godavari, Saraswati, Narmada, Sindhu, Kaveri: kaeni karibu ndani ya maji haya.

   Ukiyafuata majina haya kwenye ramani utaizunguka India karibu yote. Ganga na Yamuna zinatoka milima ya Himalaya na kukutana Prayagraj, mahali ambapo Saraswati, mto usioonekana tena, husemwa unaungana nazo kwa chini. Sindhu leo unapita zaidi Pakistan. Godavari unaanzia Trimbak, karibu na Nashik. Kaveri ni wa kusini, Karnataka na Tamil Nadu. Narmada ndio wa kwetu Wagujarati: unaanzia Amarkantak, unakwenda magharibi, na kumwagika kwenye Ghuba ya Khambhat, karibu na Bharuch. Ni upande huo wa bahari uliokuwa ukituma majahazi kwa pepo za kaskazi mpaka Zanzibar na Mombasa. Ba alipofika kwenye neno *Narmade* sauti yake ilishuka kidogo, kila siku, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

   Kwa hiyo maji yako ya bomba, yaliyochemshwa na kutulia, ukishayasemea maneno haya ni maji ya mito saba. Ndivyo mapokeo yanavyosema, na ndivyo ninavyoamini.

9. Nyunyizia vitu na mahali. Chovya jani la tulsi au ua kwenye kalasha, nyunyizia sahani ya puja, maua, matunda, kengele, na sakafu inayokuzunguka. Jina lake ni prokshana. Matone machache yanatosha. Usilowanishe utambi wa taa wala ubani. Nimeona puja ikisimama dakika kumi watu wakipuliza utambi uliolowa.

10. Mpe Bhagwan maji. Kwa kijiko safi cha pili, chota kwenye kalasha na utoe mara tatu: maji ya miguu (padya), maji ya mikono (arghya), maji ya kinywa (achamaniya). Kila mara elekeza kijiko mbele ya murti kisha mimina kwenye bakuli la pembeni. Sasa umemaliza utakaso, puja yenyewe inaanza: kumwogesha, nguo, sandali, maua, taa, chakula.

11. Baada ya puja. Maji yaliyomwogesha murti ni charanamrita. Wagawie watu wa nyumbani kiganjani. Maji yaliyobaki kwenye kalasha nyunyiza vyumbani, kisha yapeleke kwenye mizizi ya tulsi au mti wowote. Maji ya tarbhanu, uliyonawia, yamwage kwenye bustani au chungu cha maua mengine. Usiyamwage penye tulsi, kwa sababu ni maji ya kunawa. Ukiishi ghorofani, ndoo yenye mchanga na mmea mmoja kwenye baraza inatosha.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kuweka maziwa, mtindi au ndimu kwenye shaba. Nikiwa na miaka kumi na tisa nilichanganya panchamrita, yaani maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, ndani ya lota ya shaba ya Ba, nikaiacha usiku kucha ili asubuhi nisichelewe. Nilipofunua, ukingo ulikuwa na rangi ya kijani na harufu ilinirudisha nyuma. Ile ni sumu, wala haifai kuonjwa. Asidi hula shaba. Panchamrita iwekwe kwenye fedha, chuma kisichoshika kutu au udongo, na kwenye shaba yaende maji matupu tu.

Kujaza kiganja. Mtu anamimina maji ya kunawia uso, anayapiga funda, nusu yanashuka kwenye kiwiko. Rudi kwenye punje ya adad.

Kumpa Shiva maji kwa shankha. Ukiwa na gamba la shankha, lile kombe la baharini, litumie kwa Vishnu na avatari zake, yaani maumbo aliyoshuka nayo duniani. Shiva humwagiwa kwa lota.

Kutumia kijiko kimoja kwa kila kitu. Kama una achamani moja tu, nunua ya pili. Maduka ya vifaa vya puja yaliyo karibu na mahekalu, kama yale ya Mtaa wa Kisutu, huviuza kimoja kimoja.

Kukariri mbio. Mantra tatu zilizotamkwa vizuri ni bora kuliko ishirini zilizomezwa.

Ukikwama

*Sina muda, nakwenda kazini saa moja.* Oga, kaa, fanya hatua ya 5 na ya 6, nyunyizia murti maji, washa taa. Dakika tatu. Fanya hivyo kila siku, na siku ya mapumziko ufanye zote.

*Ni mgonjwa, siwezi kuoga.* Jifute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, badili nguo. Mapokeo yanakubali hata kuoga kwa mantra: jinyunyizie maji ukisema *Apo hi shtha mayobhuvah*, wimbo wa kuyasifu maji uliomo Rigveda, kitabu cha 10, wimbo wa 9. Maneno hayo yanayaita maji yaletayo raha na kuyaomba yatupe nguvu. Mgonjwa anayahitaji kuliko mwingine yeyote.

*Nimepiga chafya, au nimekohoa, katikati ya puja.* Rudia achamana. Ikiwa mikono imeshika kitu, gusa sikio lako la kulia. Husemwa Ganga anakaa hapo. Kisha endelea.

*Shaba imekuwa nyeusi.* Si dalili ya balaa, ni hewa ya baharini. Rudi hatua ya 1. Kama kuna kijani ndani kisichotoka, chombo hicho kisiwe cha maji ya kunywa tena.

*Nazi ya juu ya kalasha imepasuka, au imeanza kunuka.* Hii ni kwa sikukuu, tunapoweka majani matano ya mwembe na nazi yenye kishungi juu ya kalasha. Joto la Dar hupasua nazi. Hakuna laana hapo. Iondoe, ipeleke chini ya mti, weka nyingine. Maji ya kalasha inayokaa siku tisa za Navaratri usiyanywe siku ya kumi, mwagia mimea.

*Nimo katika siku zangu.* Wanawake wengi hunitumia ujumbe kuhusu hili wakiwa wameshapata majibu mawili yanayopingana. Nyumba nyingi humwacha mwanamke apumzike mbali na madhabahu siku hizo. Nyumba nyingine, na zinaongezeka, hazimzuii. Ukiishi na wakwe, zungumza nao mapema, siku ya kawaida, kabla halijawa jambo la ugomvi asubuhi ya sikukuu. Ukiishi peke yako, rudi ukasome maana ya mantra ya hatua ya 6. Imesema *hali yoyote ile*, na mimi siwezi kuisoma vinginevyo.

*Kumetokea msiba au mtoto amezaliwa.* Kuna siku za sutak ambazo familia haigusi murti. Idadi ya siku hutofautiana kwa ukoo, kwa hiyo muulize mzee wa familia au maharaj (kuhani) wa hekalu lenu. Kumtaja Mungu kwa mdomo hakukatazwi.

*Mume wangu au mke wangu si Mhindu. Anaweza kuchota maji?* Kwetu anachota. Mke wa binamu yangu, yule niliyemtaja mwanzo, ndiye anayesugua lota siku hizi, na anaing'arisha kuliko sisi sote.

*Mtoto amepiga teke kalasha, maji yote chini.* Futa sakafu, jaza upya kwa maji uliyochemsha, anza tena hatua ya 8 peke yake. Huna haja ya kurudia achamana ikiwa hukuinuka. Kwa sababu hiyo mimi huweka daima lita moja ya ziada, iliyofunikwa, nyuma ya mlango.